INTANETI YA PLOTI: FAIDA NI YA NANI, KESI NI YA NANI?

Ndugu Wafanyakazi,

Kuna jambo linatendeka katika ploti zetu, kutoka Kayole mpaka Mukuru, nalo limenyamaziwa mno. Mmoja wetu analipia intaneti ya nyumbani kwa jina lake. Kisha anamvutia jirani waya, anampa mwingine neno la siri la waifai, na kila mwisho wa mwezi anakusanya pesa. Hatumlaumu. Mshahara hautoshi, na mtoto wa jirani anataka kusoma. Lakini heri tuambiane kweli sisi wenyewe kabla hatujaambiwa na askari.

Kweli ya kwanza ni sheria. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 inakataza kuuza huduma ya mawasiliano bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Asiye nayo anaweza kutozwa faini au kufungwa. Tena mkataba wa nyumbani, ule tunaoutia sahihi bila kuusoma, kwa kawaida unakataza kuuza tena. Kampuni ikigundua, itakata laini. Majirani waliokwisha kulipa watadai pesa zao kwako, si kwa kampuni.

Kweli ya pili ni jina. Mtu akitumia laini yako kumlaghai mwingine, wapelelezi wataanza na mwenye laini. Huenda huna hatia, lakini utaonyesha vipi ni nani aliyekuwa akiitumia usiku ule? Siku utakazopoteza kituoni ukijieleza, tajiri hatakulipa.

Kweli ya tatu ni laini yenyewe. Megabiti 10 zikigawanywa kwa nyumba 10 kwa wakati mmoja, kila nyumba inabaki na megabiti 1. Saa mbili usiku kila mtu akifungua sinema, hakuna anayeona kitu, na ugomvi ni wako. Na yule anayepanda mlingoti wa stima kufunga waya wa jirani anacheza na roho yake kwa shilingi mia chache.

Haya, tumejisema. Sasa tuwageukie wakubwa.

Makampuni yanaita jambo hili wizi. Je, mtu aliyelipa kila mwezi bila kukosa ameiba nini? Tuseme laini ni shilingi 3,000. Kibarua hawezi kuilipa peke yake, lakini nyumba 10 zikichanga, kila moja inatoa shilingi 300. Hesabu hii makampuni yanaijua. Mbona hayatuuzii mkataba wa ploti nzima, ulio halali? Na wako wenye ploti wanaozuia kila laini isipokuwa ile wanayopata chao. Huo nao tuuite nini? Serikali iliyoingia mwaka 2022 iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya bure. Mfanyakazi anauliza: cha mtaani kwetu kiko wapi?

Ndugu, njia iko. Mwaka 2021 Mamlaka ilitoa utaratibu wa mitandao ya jamii. Wakazi wakijiunga, bila kutafuta faida, wanaweza kuomba leseni yao wenyewe. Kibera, mtandao wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana.  Ni mtandao wa mtaa.

Basi tunadai mambo matatu. Mamlaka ije mitaani ieleze leseni hiyo kwa Kiswahili. Makampuni yauze mkataba wa ploti kwa bei ya haki. Wenye ploti wafungue milango.

Nanyi wanachama, acheni kuuza gizani kila mtu peke yake. Anayeuza peke yake hukamatwa peke yake. Itisheni mkutano wa ploti, chagueni mweka hazina, andikeni majina, na mlete habari kwa katibu wa tawi lenu.

UMOJA NI NGUVU.