Milima Hii Ilikuwa na Wenyewe

Wana-jumuiya, likizo ya Pasaka ikikaribia swali huwa ni lile lile: safari hii tunaenda wapi? Na jibu ni lile lile, London, tukalale chini kwa mshikaji na kushangaa bei za Oxford Street. Mwaka huu natoa hoja twende Assynt, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, huko huko kwenye baridi. Ila twende macho wazi.

Eneo lile lilitangazwa jiopaki mwaka 2004, la kwanza Uskoti, yaani mtalii anaitwa kuja kutazama mawe. Usicheke! Kilomita kama 20 kaskazini ya Ullapool kuna genge liitwalo Knockan Crag, na hakuna kiingilio. Unaweka kiganja ukutani: vidole vinagusa mwamba wa miaka kama milioni 1,000, na chini ya kiganja ni jiwe la chokaa la miaka kama milioni 500. Mzee kampanda kijana mgongoni. Sisi wahandisi tumezoea kwamba tabaka la chini ndilo lililotangulia, na wasomi wa karne ya 19 walibishana sana juu ya jambo hili. Murchison, bosi mkubwa wa idara ya jiolojia, alishikilia kuwa tabaka zimekaa kwa utaratibu wake. Ben Peach na John Horne wakaizunguka milima ile kwa miguu miaka mingi, na kitabu chao cha 1907 kikaeleza yote. Mabara yalipogongana, miaka kama milioni 430 iliyopita, mwamba mzee ulisukumwa makumi ya kilomita juu ya ule mdogo. Sukuma mkeka ukutani utaona: unajikunja, halafu unajipanda wenyewe.

Hayo ni ya mawe, na mabango ya Knockan yanayaeleza vizuri. Kinachonikera ni jinsi wageni wanavyoyasifia mabonde matupu ya huko. Eti pori lisiloguswa! Strathnaver, mashariki kidogo ya hapo, ilikuwa na vijiji. Watu walitolewa mwaka 1814 na tena 1819, nyumba zikachomwa, kondoo wakapata malisho. Patrick Sellar, wakala wa milki ya Sutherland, alishtakiwa mwaka 1816 akaachiwa huru. Assynt nayo haikupona. Wengi walisukumwa pwani kwenye vipande vya ardhi ya mawe, wengine wakapanda meli kwenda Canada. Lugha yao, Kigaeli, imebaki zaidi kwenye ramani. Hata Knockan ni Kigaeli, maana yake kilima kidogo.

Mtu akikutajia umri wa mwamba miaka bilioni 3, asikuambie kwa nini bonde halitoi moshi, basi amekuficha mambo ya juzi tu.

Tena hadithi haikuishia kwenye kilio. Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt walichanga na kuomba misaada mpaka wakanunua milki ya North Lochinver, ekari kama 21,000, kwa pauni 300,000. Miaka kumi baadaye sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 ikazipa jamii za vijijini nafasi ya kwanza ya kununua ardhi yao inapouzwa. Kwangu mimi hicho ni kivutio kuliko genge lenyewe.

Sasa tuje nyumbani, maana jambo hili ni letu pia. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua jiopaki ya Ngorongoro Lengai, ya kwanza kusini mwa Sahara. Tuna nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6, tuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimasai, ambao lava yake hutoka nyeusi na baadaye hugeuka nyeupe. Na tuna Wamasai, ambao walihamishiwa huko kutoka Serengeti mwaka 1959. Tangu 2022 wanahamishwa tena, kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema ni hiari. Wakazi wengi wanasema wanabanwa mpaka waondoke.

Najua mtaniambia Uskoti ilikuwa tamaa ya kondoo, kwetu ni uhifadhi. Na kweli watu na mifugo wameongezeka Ngorongoro, sikatai. Lakini hata mabwana wa Sutherland hawakusema ni tamaa, walisema ni maendeleo. Jiopaki inayotumia jina la Kimasai kuuza safari, huku wenye jina wakipakia vyombo kwenye lori, itahitaji mabango marefu sana siku za usoni.

Haya, wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa katibu, hasa wenye leseni. Barabara za kule nyingi ni za gari moja, mnapishana kwenye vituo vya kusubiriana, kwa hiyo madereva wa fujo wabaki nyumbani. Koti la mvua ni lazima. Vijimbu vyao huanza kiangazi, Pasaka tutapona.