Usilaumu Mafresha, Uliza Kocha

Wasee, hii stori ya "Duke walipoteza juu ni watoto" imenichosha.

Rudi Aprili 2025, nusu fainali ya vyuo vya Marekani pale San Antonio. Kipindi cha pili Duke waliongoza Houston kwa pointi 14. Ikibaki kama nusu dakika, bado walikuwa mbele kwa 6. Wakapoteza 70-67. Dakika kumi za mwisho, ukitoa mitupo ya adhabu, walifunga kikapu kimoja tu. Kimoja!

Wanaomtetea kocha Jon Scheyer wanasema alianza na mafresha watatu: Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, yule kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Sawa. Lakini si ni hao hao walisaidia kushinda mechi 35 msimu huo? Hapo mbona hakuna aliyetaja umri? Wakishinda kocha ni fundi, wakipoteza ni utoto.

Ndiyo, kuna pasi iliibiwa na mtupo wa adhabu ulikosa. Hizo ni za wachezaji. Lakini presha ilipopanda, plani ikawa mpe Flagg mpira, wengine mtazame. Alifunga 27 usiku huo, simkatai. Shida ni kwamba Houston nzima ilijua mpira unaenda wapi. Hata shuti la kuokoa mechi lilikuwa lake, na likakosa.

Kupanga njia ya pili si kazi ya fresha. Ni ya mtu mzima anayelipwa.

Haya, wewe ungempa nani ule mpira?