Udongo ni wa Leta, Lakini Nyumba ni ya Nani?

Mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda hata yakaingia ndani ya nyumba za watu wa Kasenyi na Tchomia. Ng'ambo ya Uganda, Kanara nayo ilizama. Mto Semliki unaopita chini ya nchi yetu ya Boga unaingia ziwa hilohilo, kwa hiyo hii si habari ya mbali. Wazee waliyaona maji ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yatarudi tena.

Basi je, Leta iwanunulie watu nyumba zile ili wahame? Sisi tunasema ndiyo, lakini inunue kweli. Kule New York, baada ya tufani Sandy ya 2012, serikali ilinunua nyumba za Oakwood Beach kwa bei ya kabla ya tufani. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya 2011, watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao. Na mwisho wa 2015 nyumba za bondeni zilichorwa X na kubomolewa. Kuchora X si kununua.

Kwetu tunajua neno litakalosemwa: sheria ya 1973 imefanya udongo wote kuwa mali ya Leta, na wewe huna hati, basi huna kitu. Uongo! Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, tena inataka malipo ya haki yatolewe kwanza.

Sisi makarani wa mgodi tunaandika mishahara, na tunaona inakokwenda: bati kumi mwaka huu, mbao mwaka ujao. Nyumba ile kando ya ziwa ndiyo pensheni ya mchimbaji. (Ile nyingine tunaisikia tu.)

Wala wasitupwe tu mlimani. Ardhi ya juu ina wenyewe, na Ituri haijasahau vita vya 1999 hadi 2003. Tena mvuvi atavua nini huko? Aachiwe mahali pa kuegesha mtumbwi wake.

Tunataka wakadiriaji waje sasa, wapime kila nyumba mbele ya mwenyewe, waandike bei, na yeye abaki na nakala yenye muhuri mkononi.