Kilimani, chenja inashinda hedifoni

Kijana mmoja pale Mwanga, Kigoma, mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi, ana folda aliyoiita "Mazoezi". Imejaa singeli na bongo fleva za kasi, na wateja wake wengi ni hawa wenzangu wa kukimbia asubuhi. Sina ugomvi na singeli. Ukishika lami kutoka Mwanga hadi Ujiji, itakufikisha. Ila wengi wetu sasa tunazikwepa bodaboda, tunaingia njia za miguu: zile za kupanda na kushuka upande wa Katonga, au zinazotoka Kibirizi kwenda kaskazini na ufukwe. Huko folda ya kijana haifai kitu.

Najua nitaambiwa sayansi imeshasema. Kweli, Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba muziki wenye mapigo yanayooana na hatua hulifanya zoezi lionekane jepesi. Tena Haile Gebrselassie alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ukumbini kule Birmingham mwaka 1998, spika zikipiga "Scatman". Lakini Haile alikuwa kwenye sakafu iliyonyooka, kila mzunguko sawa na uliopita. Njia yetu ina mizizi ya mwembe, changarawe, na korongo lililochimbwa na mvua za Aprili. Hatua tatu fupi, moja ndefu, ruka. Mapigo yasiyobadilika yatakuvunja kifundo cha mguu.

Kwa mtu asiyeweza kuachana na simu yake, mimi napendekeza rumba ya ng'ambo ya ziwa. Wakongo hawana haraka. Wanaanza taratibu, mwimbaji anasimulia shida zake, magitaa yanasogea mdogo mdogo, na sebene inakuja baadaye kabisa. Ndivyo kilima kinavyotaka kupandwa. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, inakwenda karibu dakika 14. Mpaka magitaa yachangamke umeshafika juu, unaziona nyumba za Bangwe chini yako, na miguu bado ina kitu.

Hata hivyo, bora kuliko rumba ni mchakamchaka. Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya themanini tuliamshwa nao: kiranja anaanzisha, mstari mzima unaitikia, nyayo zinashuka pamoja. Tulimkejeli Idi Amin kwa nyimbo miaka mingi baada ya vita vya Kagera kwisha mwaka 1979. Vijana wa JKT Bulombora wanaziita chenja, na hakuna anayewauliza wamepakua wapi. Uzuri wake uko kwenye pumzi. Kuitikia kunakulazimisha uitoe yote. Zamu ya kiongozi ikifika, wewe unavuta. Ukiona sauti haitoki, umezidisha mwendo, punguza. Zile saa za mkononi za laki kadhaa zitakwambia hayohayo, ila kwa namba. Na mwitikio unafuata ardhi: mbele pakiwa na korongo, kiongozi anavuta neno mpaka wote wavuke.

Jumamosi iliyopita, kwenye mwinuko wa kuelekea Katonga, mwenzangu alianzisha moja. Watoto waliokuwa wakienda kuchota maji wakaitikia bila kuombwa, madumu yakigongana, peku, wakatupita. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea kubembeleza watoto wakimbie. Pale nilibembelezwa mimi.

Halafu kuna adabu. Njia ya miguu ni nyembamba, mnapishana bega kwa bega. Mama ana tenga la mihogo kichwani, anakusalimia, nawe umeziba masikio yote mawili, unampita kama nguzo ya umeme. Mzee amekaa pembeni akupishe, anasubiri shikamoo yake, haiji. Kule Gombe, kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, alikofika Jane Goodall mwaka 1960, waongoza wageni huwasikia sokwe kabla ya kuwaona. Watu wanavuka bahari na kulipa fedha nyingi waje wausikilize msitu ule. Sisi jirani zake tunatia pamba.

Kwenye kuteremka sipendekezi muziki wowote, hata wa mdomo. Changarawe ikianza kuteleza chini ya kiatu ina mlio wake, na unauhitaji.

Sasa, wanaoandaa mbio hapa mkoani wana desturi ya kufunga spika kubwa mahali pa kuanzia, pale ambapo kila mtu bado ana nguvu. Wakimbiaji wakishaondoka, spika inamburudisha mgeni rasmi. Fedha ya kukodi mtambo huo inatosha nauli na chai ya vijana kumi wanaojua chenja. Wapangwe kilimani, watano chini, watano katikati, wawapokee wakimbiaji kwa zamu. Mgeni rasmi anaweza kukaa na redio.