Gari la stima likilia Wote, fundi wa Wote alisikilize

Safu ya kila wiki na MUTINDA KYALO

Wanaozungumzia magari ya umeme nchini huanza na betri na kumalizia na mahali pa kuchaji. Mimi leo nataka kuzungumzia ngo-ngo-ngo. Ule mlio unaotoka chini ya gari la kusambaza mizigo likishapigwa na barabara za huku Ukambani, ziwe za Zombe au Kathonzweni, kwa miezi kadhaa. Dereva anausikia, mwenye mali anausikia, hata mama anayesubiri kupakua kreti za soda anausikia. Lakini hakuna anayethubutu kuingia chini ya gari, kwa sababu "hii ni ya stima, ipelekwe Nairobi."

Nasema isipelekwe. Angalau si kwanza.

Injini ya dizeli ina kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chake: kuficha kelele za vitu vingine. Bushi zikilegea, shokabu zikichoka, bamba la chini likiachia skrubu mbili, dereva wa Canter anaweza kumaliza mwaka bila kujua. Ondoa injini hiyo, weka mota ya umeme, na kila kitu kinaanza kusikika. Ndiyo maana dereva aliyehamia gari la umeme wiki iliyopita huapa kwamba amepewa gari gonjwa. Mara nyingi gari ni zima, ila sasa analisikia.

Na iko milio ambayo ni ya afya kabisa. Ukiliwasha gari utasikia "tak" kutoka chini ya sakafu, na ukilizima, "tak" nyingine: hizo ni swichi kubwa zinazounganisha na kutenganisha betri. Ukilichomeka kwenye chaja, feni au pampu ya kupoza huweza kuvuma saa nzima ilhali gari limesimama tuli. Kisha kuna ule mwimbo wa "uuuu" gari linapokwenda polepole au kurudi nyuma. Huo umewekwa makusudi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138, iliyoanza kutumika 2016, inahusu sauti hiyo ya kuwatahadharisha wapita njia, na Ulaya iliifanya lazima kwa miundo mipya kuanzia Julai 2019 na kwa kila gari jipya la umeme kuanzia Julai 2021. Husikika hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha magurudumu yenyewe yanachukua kazi ya kupiga kelele. Binafsi naiunga mkono. Punda wa Kitui aliyebeba madumu manne ya maji ana haki ya kujua kinachomjia kwa nyuma.

Sasa tuje kwa milio ya ugonjwa. Fundi wa kawaida ana mbinu yake ya miaka yote: gari likivuma, anaingiza nyutro likiwa mwendoni. Mvumo ukipungua pamoja na injini, tatizo liko mbele kwenye injini. Ukibaki vile vile, liko kwenye magurudumu. Au analisimamisha na kuikanyagia injini hapo hapo, asikilize. Kwenye gari la umeme mbinu hizi mbili zinakufa. Mota na magurudumu vimefungwa pamoja kwa gia moja isiyobadilika. Katika Nissan Leaf, kwa mfano, mota huzunguka takriban mara 8 kila gurudumu linapozunguka mara 1. Huwezi kuizungusha mota gari likiwa limesimama chini, na ukiingiza nyutro bado inazunguka na magurudumu.

Basi fundi afanyeje? Aubadilishe mzigo wa mota, si mwendo. Nilimwona mzee mmoja wa gereji pale Emali akifanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Kijana alimletea gari dogo la umeme la kusambaza mikate, linavuma kama nyuki. "Mzee, nasikia mota imeisha," kijana akasema. Mzee hakujibu. Akaketi kiti cha abiria, akafunga redio. "Twende, kijana wangu. Kanyaga kidogo. Sasa achilia. Kanyaga tena." Mvumo haukubadilika. Mzigo wa mota ukiongezeka na kupungua na sauti isijali, uwezekano mkubwa ni kwamba mota na gia hazina hatia. "Sasa kata kushoto polepole." Mvumo ukapanda. "Kulia." Ukafifia. Gari likikata kushoto, uzito unalalia upande wa kulia. Aliporudi gereji aliinua gurudumu la mbele la kulia kwa jeki, akashika springi kwa vidole vya mkono mmoja na kulizungusha gurudumu kwa mwingine. Mtetemo wa beringi iliyokufa husafiri hadi kwenye koili za springi, na vidole huupata kabla ya sikio. Beringi ilibadilishwa siku hiyo hiyo, na mikate ikauzwa.

Milio mingi iko katika ukoo huo wa vitu visivyohusu umeme. Kugonga kwenye matuta ni bushi na viungo vya stabilaiza. Tak-tak-tak ukikata kona kali huku ukikanyaga ni jointi za ekseli, hasa raba yake ikiwa imepasuka na vumbi jekundu limeingia. Mkwaruzo mkali mara tu unapovuka mto wa mchanga, iwe Tiva au Thua, huenda ni kokoto iliyokwama kati ya diski ya breki na bamba lake la nyuma. Bisibisi na dakika tano zinatosha.

Breki zina hadithi yake. Dereva akiachilia pedali, mota hugeuka jenereta na kulipunguza gari mwendo huku ikirudisha chaji kwenye betri. Kwa hiyo pedi za breki hukaa bila kazi, diski hushika kutu na vumbi, na siku zikiitwa kazini hulia. Mlio huo wa kwanza asubuhi usimtishe mtu. Kinachofaa kumshtua ni mkwaruzo usiokoma, maana pini za kaliper zikikwama pedi hula diski bila dereva kujua. Na anayechaji Kikima hadi betri ijae kisha ashuke milima ya Mbooni ajue hivi: betri iliyojaa haina pa kuiweka chaji nyingine, kwa hiyo ule mvuto wa mota aliouzoea unapungua, na breki za kawaida ndizo zinafanya kazi yote. Atasikia kelele mpya na kunusa joto. Gari halijaharibika, lakini dereva apunguze mwendo.

Uko mpaka, na hapa sitanii. Mluzi mwembamba unaobadilika kila ukikanyaga, ukija pamoja na taa ya onyo au gari kupoteza nguvu, unaweza kutoka kwenye gia au mota, au kwenye inveta inayoilisha mota umeme. Ukifuata waya za rangi ya machungwa umefika kwenye betri ambayo mara nyingi ni ya volti 400 hivi, na ndani ya inveta kuna umeme unaobaki kwa muda hata baada ya gari kuzimwa. Asiyekuwa na mafunzo, glavu za kuhimili volti 1,000 na kipimo cha kuthibitisha kwamba umeme umekatika, aweke spana chini. Wala gari hilo lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mota yakiwa chini, kwa sababu mota itaendelea kuzalisha umeme njiani. Lipandishwe kwenye lori. Lori kutoka Kitui hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 150, na bili yake inaweza kumeza faida ya mwezi. Ukiilipa kwa ajili ya inveta, haya. Kwa ajili ya bushi?

Serikali imefanya sehemu yake kwa upande wa chaji. Aprili 2023 ilianzishwa bei maalum ya umeme wa magari, wakati huo Sh16 kwa uniti na Sh8 saa ambazo matumizi ni ya chini. Machi 2024 ikazinduliwa rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa umeme. Nairobi nayo imekuwa na mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo tangu 2022. Nikiuliza kuhusu mafundi wa mashinani naambiwa magari yenyewe huku bado ni machache. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza sasa. Nissan e-NV200, iliyoanza kuuzwa 2014, ni mwili wa NV200 uliotiwa mitambo ya umeme ya Leaf. Fundi wetu anaujua mwili ule kwa jina la ukoo. Kilichobaki kumfundisha ni usalama wa umeme na kuisoma kompyuta ya gari.

Hapo kwenye kompyuta ndipo wauzaji wanaponiudhi. Anayeuza gari Ukambani na kufungia mashine ya kusoma hitilafu katika gereji yake Nairobi ameuza gari nusu. Kaunti zinazotaka kununua magari ya umeme ziandike kwenye zabuni kwamba kifaa hicho na mwongozo wa ukarabati vinakuja pamoja na ufunguo.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa mbele ya mabunge yao kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Makueni ilijipatia jina kwa vikao hivyo kuanzia ngazi ya kijiji. Wakiulizwa safari hii, vijana wa gereji za Wote, Kibwezi, Mwingi na Mutomo waombe vitu vya kutajwa kwa jina: gari moja kuukuu la umeme la kufungulia darasani katika kila kaunti, jozi za glavu za volti 1,000, mashine ya kusoma hitilafu, na mwalimu wa miezi mitatu. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani iwape mtihani wa gredi utakaotambua ujuzi huo, ili mzee wa Emali apate karatasi ya kile ambacho masikio yake yanakijua tayari.