Keki Ipo, Cheti Kiko Wapi?

Jumapili iliyopita, jirani yangu hapa Musaga aliniita tumwimbie mjukuu wake kwa simu. Mtoto alizaliwa katika kambi ya Mahama, Rwanda, iliyofunguliwa Aprili 2015, wakati wengi wa mtaa huu walipokuwa wakikimbia machafuko. Bibi yake hajawahi kumpakata. Tulipiga makofi, mishumaa ikazimwa. Nilipouliza alizaliwa tarehe ngapi hasa, baba alitaja 14, mama 16. Na cheti? “Tutakifuatilia tukirudi,” wakajibu, kisha intaneti ikakatika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wazazi wetu walio ugenini. Kifungu cha 7 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, kinataka mtoto aandikishwe mara tu azaliwapo. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 2000 humpa uraia mtoto wa baba Mrundi, popote alipozaliwa. Lakini baba huyo atathibitishwa na karatasi gani, ilhali mashahidi wametawanyika? (Kwa mama Mrundi sheria hiyo ni bahili zaidi, nitalieleza siku nyingine.)

Sherehe siipingi. Humfundisha mtoto kwamba Musaga ipo nyumba inayomngoja. Ila mwakani, kabla ya kununua keki, wazazi wapitie kwanza ofisi ya uandikishaji. Jirani yangu ameniomba nimwandikie ujumbe huo, maana mwanawe humkatiza kila anapolianza jambo hili.