Mwalimu mpya wa Bombo asiachwe peke yake

Mwalimu mpya aliyepangiwa kata ya Bombo, wilayani Same, hushuka Same mjini na begi lake, kisha huanza safari nyingine kuelekea milima ya Upare. Barua ya ajira humtajia shule, haimtajii pa kulala. Wengi hutafuta chumba kabla mshahara wa kwanza haujaingia.

Ugumu mkubwa zaidi uko darasani. Mtoto wa kidato cha kwanza amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, nyumbani huenda anaongea Chasu, lugha ya Wapare, na ghafla fizikia inamjia kwa Kiingereza. Mwalimu anauliza, darasa linanyamaza. Ukimya huo si uvivu wa mtoto wala udhaifu wa mwalimu, ingawa kijana aliyetoka chuoni juzi huuchukua moyoni na kujilaumu usiku kucha.

Kisha siku moja mkono unainuka kutoka dawati la nyuma. Jibu lina makosa ya sarufi, lakini hoja ni sahihi. Furaha hiyo haiandikwi kwenye hati ya mshahara, nayo ndiyo imewabakiza wengi kazini. Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa katika shule za serikali mwaka 2016, watoto ambao wangebaki kwenye mashamba ya tangawizi wameipata nafasi ya kuinua mkono huo.

Tunaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Same ihakikishe fedha za kujikimu zinamfikia mwalimu siku anaporipoti, na kila shule impangie mwalimu mkongwe wa kumlea mwaka mzima wa kwanza.